Jinsi ya Kupata Idhini ya Mtambo Mdogo wa Upepo Kwenye Ardhi Yako Nchini Kenya

Mtu anayetaka kusimika mtambo mdogo wa upepo katika shamba au kiwanja chake nchini Kenya hatapata sheria moja ya kitaifa inayomweleza mlingoti uwe na urefu gani na usimame umbali gani kutoka kwenye uzio wa jirani. Atakachopata ni sheria kadhaa zilizotungwa kwa ajili ya mambo mengine, yaani mipango ya ardhi, kelele, usafiri wa anga, umeme na urithi wa kale, ambazo kila moja inaugusa mtambo huo kwa upande wake. Mwongozo huu unazipanga kwa mfuatano ambao, kwa maoni yangu, unamwokolea mwenye ardhi fedha nyingi zaidi: unaanza na hati ya ardhi na vipimo vya mpaka, kisha unamalizia na ununuzi wa mashine, ingawa watu wengi hununua mashine kwanza ndipo wakatafuta pa kuiweka.

Mtambo mdogo unaozungumziwa hapa ni ule wa nyumba, shamba, zahanati au shule, kuanzia wati mia chache hadi makumi ya kilowati. Mitambo mikubwa kama ile ya vilima vya Ngong, ya Kipeto katika Kaunti ya Kajiado au ya Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit hupitia leseni na tathmini za kiwango kingine kabisa.

Hatua ya 1: Soma hati ya ardhi na masharti yake

Chukua hati yako na usome masharti maalum yaliyoambatanishwa nayo. Mwenye umiliki wa kudumu huwa na uhuru mpana zaidi, lakini mwenye ardhi aliyokodishiwa na serikali kwa miaka kadhaa atakuta masharti yanayotaja matumizi yanayoruhusiwa, kwa mfano makao ya familia moja tu, pamoja na sehemu ya kiwanja inayoweza kujengwa. Kuvunja masharti hayo ni tatizo linalojitegemea, hata kama kaunti imekupa idhini ya ujenzi.

Kama unaishi katika mtaa wenye lango na uzio mmoja, tafuta pia mkataba wa wakazi, kwa kuwa mikataba ya namna hiyo mara nyingi hutaja urefu wa majengo na vitu vinavyoonekana juu ya paa. Anayeishi katika nyumba ya ghorofa iliyosajiliwa chini ya Sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo anapaswa kujua kwamba paa ni mali ya wamiliki wote, na kwamba idhini ya kwanza atakayoihitaji ni ya shirika la wamiliki hao. Ardhi ya jamii iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 nayo haiamuliwi na mtu mmoja, hata kama boma analokaa ni lake tangu enzi za babu yake.

Hatua ya 2: Uliza kaunti kiwanja chako kiko katika kanda gani

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliikabidhi serikali ya kaunti kazi ya mipango na maendeleo ndani ya eneo lake, na hiyo ndiyo sababu majibu hutofautiana kati ya kaunti moja na nyingine katika hizo 47. Nenda katika ofisi ya mipango ya ardhi ya kaunti ukiwa na nambari ya kiwanja, na uulize mambo mawili: je, kuna mpango wa matumizi ya ardhi ulioidhinishwa kwa eneo lako, na je, kanda yako ni ya makazi, ya kilimo, ya biashara au ya hifadhi? Andika barua na uombe jibu la maandishi, kwa sababu afisa aliyekujibu kwa mdomo leo anaweza kuwa amehamishwa siku faili lako litakapofika mezani.

Katika kanda ya kilimo, mtambo wa upepo haushangazi mtu. Mashamba mengi ya nchi hii yalikwisha kuzoea vinu vya kupandisha maji, na pampu za Kijito zilizotengenezwa Thika zimesimama miaka mingi katika maeneo makavu. Ni katika kanda ya makazi ambako hoja huwa nzito, na hoja yenyewe ni kama mtambo ni kifaa kinachotumikia nyumba iliyopo au ni matumizi mapya ya ardhi. Ukiwa wa kuwasha taa na friji za nyumba hiyo hiyo, una sababu nzuri ya kuomba uhesabiwe kuwa kifaa cha nyumba, kama lilivyo tangi la maji lililoinuliwa juu ya mnara. Ukiwa wa kuuza umeme, tarajia kuambiwa uombe kubadilisha matumizi ya ardhi, jambo linaloambatana na matangazo kwa umma na muda mrefu zaidi.

Kanda za hifadhi zinahitaji tahadhari ya pekee. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, na Mji wa Kale wa Mombasa ni eneo la hifadhi. Huko, Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yana kauli juu ya chochote kinachobadilisha sura ya mapaa, na mlingoti wenye mapanga yanayozunguka juu ya nyumba ya mawe ya matumbawe ni ombi ambalo nisingependa kulitetea mimi. Mwenye nyumba huko akiwa pia na shamba nje ya mji wa kale, apeleke mtambo shambani.

Hatua ya 3: Pima duara la kuanguka

Hii ndiyo hatua inayoamua mambo mengi kuliko zote, na haihitaji mtaalamu wala ada. Chukua urefu wa mlingoti, ongeza nusu ya kipenyo cha mapanga, na utapata urefu kamili wa mtambo ncha ya panga inapokuwa juu kabisa. Kisha jiulize: ukianguka mzima mzima kuelekea upande wowote, utaangukia wapi?

Kwa kuwa sheria za Kenya hazitaji umbali maalum kwa mitambo hii, ni busara kuazima kipimo mahali kilipokwisha kutumika. Kanuni za Uingereza za mwaka 2015 zinazoruhusu mtambo mmoja mdogo uani bila ombi la kawaida la ujenzi zinadai umbali wa kila upande hadi mpaka uwe angalau urefu kamili wa mtambo pamoja na asilimia 10 yake. Kanuni hizo zinadai pia urefu kamili usizidi mita 11.1, ncha ya chini ya panga iwe angalau mita 5 kutoka ardhini, na eneo linalofagiwa na mapanga lisizidi mita za mraba 3.8. Afisa wa kaunti hafungwi na takwimu hizo, lakini ombi linaloonyesha kwamba limetimiza kanuni ya umbali inayojulikana humpa kitu cha kushika kalamu nacho.

Sasa tupime. Tuseme mlingoti ni mita 12 na mapanga yana kipenyo cha mita 3, hivyo urefu kamili ni mita 13.5, na umbali unaohitajika ni takriban mita 14.9 kila upande. Kiwanja cha kawaida cha futi 50 kwa 100, ambacho wengi hukiita «fifti kwa handredi», kina upana wa mita 15.2 tu; hata ukiusimamisha mlingoti katikati kabisa, una mita 7.6 kila upande, na mtambo mrefu kuliko wote unaotosha hapo hauzidi mita 6.9. Mtambo wa kimo hicho utakuwa chini ya paa la ghorofa ya jirani, mahali ambapo upepo umekwisha kuvurugika. Kwa maneno mengine, kiwanja hicho hakifai, na ni afadhali fedha ziende kwenye paneli za jua.

Kiwanja cha futi 100 kwa 100 kinaruhusu urefu kamili wa mita 13.8, lakini katikati tu, na katikati kwa kawaida ndipo nyumba ilipo. Ekari moja iliyo karibu na mraba ina upande wa mita 63 hivi, na hapo mtambo wa mita 13.5 unaweza kusogezwa huku na huku kukwepa nyumba, miti na njia ya maji. Kwa hiyo ukiniuliza kiwango cha chini cha ardhi kinachostahili kusumbukiwa, nitasema nusu ekari yenye umbo zuri, na ekari moja kama unataka kulala bila mashaka.

Duara hilo lisipite juu ya barabara ya umma, nyaya za Kenya Power wala njia iliyohifadhiwa kwa ajili ya nyaya hizo. Kumbuka vilevile kamba za chuma zinazoshikilia mlingoti: nanga zake huzikwa mbali na shina, mara nyingi kwa umbali wa nusu ya urefu wa mlingoti au zaidi, na zote lazima ziwe ndani ya mpaka wako. Ukichagua mlingoti wa kulazwa chini kwa matengenezo, acha pia nafasi tupu ya kuulaza. Watu husahau jambo hili, kisha wakajenga banda la kuku mahali ambapo mlingoti ungelazwa.

Wapo wauzaji watakaokuambia uufunge mtambo juu ya paa ili usumbufu wote huu uishe. Paa hukata upepo vipande vipande, mtikisiko hushuka ukutani hadi chumbani, na umeme unaopatikana huwa mdogo. Kanuni inayofuatwa na mafundi ni kwamba ncha ya chini ya mapanga iwe mita 9 au 10 juu ya kizuizi chochote kilicho ndani ya mita 150 hivi, na hapo ndipo mwenye kiwanja hubanwa pande mbili: upepo unadai mlingoti mrefu, mpaka unadai mfupi.

Hatua ya 4: Hesabu kelele za usiku

Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mtikisiko, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya nyumba katika eneo la makazi wakati wa mchana, na desibeli 35 wakati wa usiku. Usiku kwa mujibu wa kanuni hizo huanza saa mbili jioni na kuisha saa kumi na mbili asubuhi. Kikomo cha usiku kinabaki desibeli 35 hata katika maeneo yaliyochanganya makazi na biashara.

Desibeli 35 ni ukimya mkubwa. Mtengenezaji mwaminifu huandika kiwango cha kelele cha mtambo wake pamoja na umbali kilipopimiwa, mara nyingi mita 60. Kelele hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Mtambo ulioandikiwa desibeli 45 kwa mita 60 utatoa hivyo takriban desibeli 51 kwa mita 30, desibeli 39 kwa mita 120, na hautashuka hadi 35 mpaka umbali ufike mita 190 hivi. Ukisoma kanuni neno kwa neno, mtambo uliofaulu vizuri mtihani wa duara la kuanguka unaweza kufeli mtihani wa usikivu wa jirani.

Ni kweli kwamba upepo wenyewe unapovuma miti na mabati hupiga kelele zaidi ya mtambo, na mpimaji mzoefu atalizingatia hilo. Hata hivyo usilitegemee. Katika Marsabit na kandokando ya Ziwa Turkana upepo huwa na nguvu zaidi usiku na alfajiri, saa zile zile ambazo kikomo ni kikali. Kwa hiyo muulize muuzaji kiwango cha kelele kwa maandishi, chagua mapanga yanayozunguka taratibu, na uulize kama mtambo una breki inayoweza kufungwa usiku jirani akilalamika. Muuzaji asiyekuwa na takwimu za kelele nisingenunua kwake.

Hatua ya 5: Anga, wanyama na mazingira

Mlingoti ulio karibu na uwanja wa ndege unahitaji kibali cha urefu kutoka kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Jijini Nairobi jambo hili si dogo, kwa sababu Jomo Kenyatta, Wilson na uwanja wa kijeshi wa Eastleigh vimekaribiana, na mbele ya Mji wa Lamu, ng'ambo ya mkono wa bahari, kuna uwanja wa Manda. Peleka nambari za mahali kwa jira (latitudo na longitudo), kimo cha ardhi kutoka usawa wa bahari, na urefu kamili wa mtambo. Nayo NEMA, mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira, huainisha miradi kwa hatari ndogo, ya kati au kubwa. Pata barua yao inayosema mradi wako umo katika daraja gani, maana kaunti itaiuliza. Ukiwa katika njia za wanyamapori, kwa mfano nyanda za Kitengela, au mahali wanapopita tai, itaje hali hiyo katika ombi lako kabla hujaulizwa.

Hatua ya 6: Zungumza na majirani kabla ya kupeleka faili

Mwaka 2016 mradi wa upepo wa Kinangop, uliokusudiwa kuzalisha megawati 60.8 katika Kaunti ya Nyandarua, uliachwa baada ya upinzani wa wakazi na migogoro ya ardhi, ijapokuwa fedha zake zilikuwa zimepatikana. Mtambo wa uani si Kinangop, lakini sheria ya mipango inampa haki ya kukata rufaa mtu yeyote mwenye maslahi, na jirani wa uzio ni mwenye maslahi kuliko mtu mwingine.

Mtembelee kila jirani anayepakana nawe ukiwa na mchoro wa duara. Mwonyeshe kivuli cha mapanga kitapita wapi asubuhi na jioni, maana kivuli kinachokatakata dirishani huudhi kuliko kelele, na umwahidi kwa maandishi saa za kufunga breki ikibidi. Omba barua fupi ya kutopinga yenye sahihi na nambari ya kiwanja chake. Mkutano wa mtaa mbele ya chifu au mzee wa mtaa unasaidia mashambani, ingawa hauchukui nafasi ya barua hizo.

Hatua ya 7: Peleka ombi la ruhusa ya uendelezaji

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 kinakataza uendelezaji wowote wa ardhi ndani ya kaunti bila ruhusa. Anayeanza bila ruhusa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili, na anaweza kuamriwa airudishe ardhi katika hali yake ya awali. Usidanganywe kwamba mlingoti si jengo: sheria inazungumzia kazi zinazofanywa juu ya ardhi, na msingi wa zege uliochimbwa ni kazi.

Faili liwe na nakala ya hati na matokeo ya upekuzi wa karibuni katika ofisi ya ardhi, stakabadhi za kodi ya ardhi, ramani ya kiwanja yenye duara la kuanguka na nanga zote, mchoro wa mlingoti na msingi uliotiwa sahihi na mhandisi wa miundo aliyesajiliwa, maelezo ya kiufundi ya mtambo pamoja na takwimu za kelele, barua za majirani, na barua za Mamlaka ya Usafiri wa Anga na NEMA pale zinapohusika. Mhandisi aeleze aina ya udongo. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, unadai msingi tofauti kabisa na mwamba wa matumbawe wa pwani.

Sheria inasema kwamba mwombaji asiyepata jibu la maandishi ndani ya siku 60 atachukuliwa kuwa amepewa ruhusa. Kifungu hicho ni kizuri katika karatasi. Lakini kabla ya kumwaga zege kwa kukitegemea, andika barua ukiikumbusha kaunti tarehe ya kupokelewa kwa ombi, na utunze nakala iliyogongwa mhuri, kwa sababu siku wakaguzi watakapofika utatakiwa kuthibitisha tarehe, na maneno matupu hayatakusaidia.

Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Una siku 14 za kukata rufaa katika kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti, nayo inapaswa kuamua ndani ya siku 14 tangu rufaa iwasilishwe. Asiyeridhika huendelea hadi Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwa mtambo wa nyumbani, gharama za wakili zinaweza kuupita mtambo wenyewe, hivyo mara nyingi inafaa zaidi kupunguza urefu, kuusogeza mlingoti na kuomba upya.

Hatua ya 8: Upande wa umeme

Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 haimdai leseni anayezalisha umeme kwa matumizi yake mwenyewe usiozidi megawati 1. Msamaha huo unaishia kwenye uzio: ukimvutia jirani waya na kumtoza kila mwezi, umeingia katika usambazaji na uuzaji wa umeme, na hapo leseni inahitajika. Kazi ya nyaya ifanywe na fundi aliyepewa leseni na EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi na mafuta, hata kama mfumo ni wa betri tu na haugusi gridi. Ukitaka kuuunganisha na gridi na kuhesabiwa umeme unaourudisha, omba mapema kwa Kenya Power chini ya utaratibu wa kifungu cha 162 cha sheria hiyo na kanuni zilizotolewa mwaka 2024, na usiwashe chochote kabla ya kukaguliwa, kwa kuwa mtambo unaoendelea kusukuma umeme kwenye waya uliodhaniwa kuzimwa unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo.

Hatua ya 9: Nunua, simika, tunza faili

Sasa ndipo ulipe. Hakikisha mashine unayopokea ndiyo iliyo katika michoro iliyoidhinishwa. Mapanga yaliyoongezeka nusu mita hubadilisha urefu kamili, kelele na msingi, na kaunti ina haki ya kusema kwamba hicho sicho ilichokiruhusu. Zungushia uzio shina la mlingoti, na uondoe vidato vya kupandia hadi mita kadhaa kutoka chini ili watoto wasipande. Kazi ikimalizika, iarifu kaunti ije kukagua na uombe cheti.

Weka ruhusa, michoro, cheti na kumbukumbu za ukaguzi wa kamba na nanga pamoja na hati ya ardhi. Atakayeinunua ardhi hiyo baadaye atazidai, na fundi atakayeushusha mtambo utakapochakaa atahitaji kujua nanga zilizikwa wapi na kwa kina gani.